Mpishi Hushiba Harufu: Maisha ya Marehemu Felisia Gaudence Mrema (1953–1998)

(Umesomwa na mdogo wake, Adrian, katika misa ya kuuaga mwili, Guangzhou, 1 Desemba 1998)

Marehemu Felisia alizaliwa Kibosho, Kilimanjaro, tarehe 14 Agosti 1953, mtoto wa kwanza katika familia ya watoto wawili. Mama yao alipofariki, Felisia alikuwa na miaka kumi na miwili na Adrian mitatu. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyempakulia.

Baada ya darasa la saba alijiunga na shule ya maarifa ya nyumbani ya masista. Huko Sista Albina, mtawa kutoka Ayalandi, alimfundisha mapishi ya kwao: kondoo aliyechemshwa taratibu na viazi na vitunguu, viazi vilivyopondwa na kabichi na siagi, na mkate wa magadi uliookwa ndani ya chungu cha chuma, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Alimfundisha pia desturi ya nyumbani kwake: tarehe 2 Novemba, siku ya marehemu wote, mezani huwekwa sahani moja ya marehemu wa nyumba, na sahani hiyo hailiwi na mtu.

Tarehe 8 Mei 1976 alifunga ndoa na Gaudence Mrema. Bwana harusi alipoonjeshwa mchuzi ule usio na bizari wala pilipili alitafuna kwa adabu, kisha akasema, "Mke wangu, huyu kondoo ameoga tu." Ikawa utani wa nyumba yao kwa miaka kumi na saba, ingawa hakuacha hata tone. Walijaliwa binti mmoja, Joyness. Gaudence alifariki mwaka 1993.

Felisia alipika misheni kwa miaka mingi, halafu akaingia biashara ya vitambaa. Machi 1997 alimfuata Adrian hapa Guangzhou, China. Siku za kazi alizunguka naye Zhongda, soko la vitambaa, akichagua majora, na wenye maduka wakamzoea kiasi cha kumwita "laoban", yaani bosi. Jumapili chumba chao karibu na jengo la Tianxiu Dasha kilijaa Watanzania na Wakenya waliochoka na wali. Chungu kile cha chuma alikuja nacho kwenye begi, na mkate aliuoka barazani, jirani wakichungulia moshi.

Tangu Agosti mwaka huu, kila mlo alipakua, akaketi, kisha akamsogezea Adrian sahani yake. "Kula, mdogo wangu. Mpishi hushiba harufu." Adrian alikula. Aliona magauni yakimpwaya akasema, "Dada, mji huu umekupunguza," naye akacheka. Alikuwa na tiketi ya kurudi nyumbani ya tarehe 12 Desemba, na alimwahidi Joyness kwamba Krismasi hii wataoka mkate pamoja. Tarehe 2 Novemba alipika viazi na kabichi, akaweka sahani ya Gaudence, na ya kwake akamsogezea Adrian kama kawaida. Adrian aliila yote.

Wiki iliyofuata alianguka Zhongda kati ya majora. Hospitalini ilibainika kuwa ni saratani ya tumbo, imeshaenea. Daktari aliuliza ni tangu lini mgonjwa hali chakula. Mtu aliyekaa naye meza moja kila siku hakujua, na aibu hiyo atazeeka nayo.

"Mbona hukuniambia, Dada?"

"Ningekuambia ungeacha kula," alisema. "Nawe ulikuwa unakula vizuri."

Aliaga dunia Jumamosi, 28 Novemba 1998, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Adrian. Atafika nyumbani kabla ya tarehe ya tiketi yake, na atazikwa Kibosho ubavuni mwa Gaudence.

Ameacha binti, Joyness, ambaye chungu kile kinamwendea pamoja na mwili. Mama mkwe, Mama Kasmir, aliyemlea mjukuu huyo tangu Machi ile ya 1997. Na mdogo mmoja. Jana mdogo huyo alipika kondoo na viazi kwa ajili ya waombolezaji. Chumvi ilizidi, nanyi mkala yote. Mbele ya picha ya dada yake aliweka sahani iliyojaa, na ilipopoa hakuna aliyemsogezea.

Keti sasa, Dada. Ni zamu yetu kukupakulia. Bwana akupe pumziko lenye amani.