Aliyetangulia Kushuka

Kwenye basi, siti ya mbele yangu, mama mmoja alikuwa akimlalamikia muuguzi aliyevaa sare, mtu ambaye hata majina hawajapeana.

"Mgongo wa binti yangu ulipinda, madaktari wakaupasua, umenyooka. Picha inaonyesha. Leo kliniki walitaka kumuuliza anajisikiaje, eti mimi nitoke nje."

"Hata kwetu tunawatoa, dada. Mkibaki mnajibu nyinyi."

"Nimemzaa mimi, namjua." Nikaelewa kwa nini walimtoa.

"Picha inaona mfupa tu," muuguzi akasema, kisha akamgeukia binti mwenyewe, aliyekaa dirishani. "Mwanangu, kikubwa kilichobadilika ni kipi?"

Mama akafungua mdomo. Binti akamuwahi: "Zamani nilikuwa natembea nyuma ya watu wote, asiwepo wa kuuona mgongo wangu."

"Mimi nilidhani ni adabu," mama akasema taratibu. Kisha akajikaza. "Lakini picha ingetosha."

Kabla muuguzi hajajibu, basi likasimama kituo cha mwisho. Binti akainuka, akayapita magoti yao, akashuka wa kwanza. Na sisi wenye haraka zetu tukabaki tumekaa, tukiutazama mgongo ule ukitutangulia.