Kipilefti cha Mzee Vuai

Mheshimiwa Afisa wa Ubalozi, Ndugu Khalfan mwenyekiti wa umoja wetu, masheikh na wachungaji mliokubali kuketi meza moja, ndugu wageni waalikwa, na wewe Mzee Vuai unayejifanya kuangalia simu: hamjambo nyote?

Nimepewa dakika tano za kumuaga mzee wetu anayerudi Unguja, na mwenyekiti ananijua, ndiyo maana ameketi karibu na kipaza sauti.

Ninyi mnaoishi mtaa wetu wa Muaither hapa Doha leo, wenye vibao vya mitaa kila kona na ramani kwenye simu, mtatuelewa kweli sisi tuliofika mwaka 2006? Kuta zote zilikuwa rangi moja. Tulielekezana kwa duka la mikate, kwa msikiti wenye taa za kijani, na zaidi ya yote kwa kipilefti, pale tulipoketi kwenye majani kila Ijumaa jioni tukila maandazi ya mwenzetu Hidaya. Mimi ni mtu wa Bungoma. Kwetu ile ni raundabauti. Lakini Mzee Vuai, dereva wa nyumba iliyotazamana nayo, alikuja na jina lake kutoka kwao, na kila aliyeuliza njia alianzia hapo. Tulimcheka sana. Mzee, si hapa magari hupita kulia? Iite basi kipiraiti. Akatujibu kwamba jina halina usukani.

Basi akaja Pamela kufanya kazi nyumba moja nami, yule pale mwenye mtandio wa zambarau, akalisikia jina hilo kila siku, akaamini ni Kiarabu. Pamela, usiiname, tunakupenda hivyo hivyo. Mchana mmoja wa mwaka 2008, waajiri wetu wakiwa safarini, nilianguka jikoni, kidole tumbo kimepasuka. Pamela akapiga simu ya dharura, akaulizwa tuko wapi, akajibu kwa ujasiri wote: Kipilefti, Muaither. Aliyepokea alisikia Kiingereza, “keep left”, akamwambia dereva ashike kushoto. Gari la wagonjwa likashika kushoto, likashika kushoto tena, na mimi pale sakafuni nikakisikia king'ora kikija na kuondoka, kikija na kuondoka, nikajua nakufa ugenini.

Mzee Vuai alikuwa akiosha gari la tajiri wake. Alisikia king'ora kikitangatanga, akamwona Pamela getini akilia na kulitaja jina lile lile, akaelewa. Akakimbia, akapanda katikati ya kipilefti, juu ya maua ya manispaa, akapunga kitambaa chake cha njano cha kufutia gari mpaka wakamwona. Hospitalini daktari aliniambia kwamba wangechelewa kidogo tu, nisingekuwapo. Nipo, ndugu zangu, na nimenenepa.

Mwaka 2014 mashine zikaja, kipilefti kikavunjwa, zikawekwa taa za barabarani. Barabara sasa ni nzuri, nakiri. Lakini siku ile nililia, na sioni haya kusema.

Wiki iliyopita nilikwenda kumsaidia Mzee kufunga mizigo. Akakaa juu ya sanduku, akaniambia polepole: "Mwanangu Nasimiyu, miaka yote hii nimeendesha magari ya watu. Naondoka sikuacha hata alama. Kipilefti chenyewe wamekivunja." Nilirudi nyumbani moyo mzito.

Juzi nikaagiza mtungi wa gesi. Aliyeleta ni Myemeni, hana hata mwaka hapa, hajawahi kuyaona maua yale. Nikaanza kumwelekeza kwenye simu kwa Kiarabu changu cha jikoni: ukifika kwenye taa, halafu msikiti. Akanikatiza: "Kibilifti?" Nikamwuliza neno hilo kalitoa wapi. Akasema dukani kwao wote wanapaita hivyo, na akanieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mgeni, kwamba ni Kiarabu cha zamani cha watu wa hapa.

Mzee Vuai, umesikia? Weka simu chini. Wamebomoa maua na majani, lakini Mwarabu ananifundisha mimi neno lako. Ukifika Unguja, wakikuuliza uliacha nini Doha, waambie uliacha mtaa, na mtaa huo unaitika kwa Kiswahili.

Ndugu zangu, nawashukuru kwa kunitegea masikio. Asanteni sana, na Mzee wetu, safari njema.