Msiseme Mguu Ndio Ulioniua

Sikilizeni, wanangu, na wewe wifi yangu Theda usitoke kwa kisingizio cha kuchemsha chai, maana haya yanakuhusu kuliko wote.

Najua mtakachosema nikishazikwa. Mtakaa chumba cha mbele, mtamimina malai juu ya chai bila kukoroga, na mmoja wenu atanong'ona kwamba nilikifunga kidonda cha mguu, uchafu ukapanda moyoni. Upumbavu mtupu. Moyo wangu ni mbovu tangu nilipomzaa Hinrich, na daktari aliusikia ukikoroma kabla kidonda hakijatokea.

Watu wa kwetu kidonda ndugu wanakiita mguu wazi, na kwa neno hilo moja wanaamini mguu ni mlango wa kutolea sumu, ole wake anayeufunga. Marehemu baba yenu alikufa na mlango wake wazi, unanuka mpaka mbwa akahama chumba, huku Theda akimbandika majani ya kabichi na kusema, "Unatoa vizuri, kaka." Mguu wa kaka yake aliusifu kama ng'ombe wa maziwa.

Mimi nilitibiwa bila kidonge. Muuguzi Swantje alipima kwanza kama damu inafika vidoleni, kwa sababu mguu usiofikiwa na damu ukikazwa huoza. Kisha wakaniwekea mabuu yaliyofugwa kwa usafi, yakala nyama iliyokufa tu, halafu bendeji ya kukaza, na kutembea juu ya tuta la kuzuia bahari, na kuinua miguu kila nikikaa. Hinrich akaniuliza kama nimeshakuwa chambo, nyote mkacheka. Kidonda kilipofunga mkaacha kucheka mkaanza kuogopa, na woga wenu ni wa kijinga kuliko kicheko.

Antje, binti yangu, unadhani sioni soksi yako ilivyolowa maji ya kidonda? Swantje alikupima, akakufunga vizuri, nawe ukaifungua bendeji ndani ya gari kwa sababu shangazi yako alikwambia utaishia na moyo kama wangu. Sasa nakufa, naye atanionyesha kidole kama ushahidi. Hilo ndilo linalonitia hasira: kifo changu kitumike kuuozesha mguu wako.

Basi nyumba ni ya Antje, na chumba cha chini ndicho alale, asipande ngazi usiku. Malisho ni ya Hinrich, ambaye alishayachukua bila kuniuliza. Theda achukue kabichi zote za bustanini, azipike, kwa maana ndiyo kazi ya kabichi. Na jeneza lisifunikwe mpaka kila mgeni ameuona mguu wangu wa kushoto, mkavu, mzima.

Pumzi inakata. Hinrich, piga magoti. Ndiyo, mbele ya shangazi yako. Toa bendeji kwenye mkoba wa dada yako, umfunge mguu. Unyayo usimame, usininginie. Anzia shina la vidole... kisigino usikiruke, mjinga wewe, hapo ndipo wote wanaporuka. Antje, usiuvute mguu. Mtazame yeye, usimtazame Theda.

Kaza. Sawasawa, mpaka chini ya goti.

Mungu awape akili, mimi nimeshindwa. Awape... awape miguu ya kunisindikiza kaburini na kurudi nyumbani. Wewe hasa, Antje. Urudi.

Hinrich, umeacha pengo hapo. Rudia.