Mzee Farah na Mkebe wa Springi

Jumamosi hii, tarehe 30 Novemba 1957, Mzee Farah Shariff anastaafu. Ametengeneza bunduki za upepo katika karakana yetu hapa Nakuru miaka thelathini na mmoja. Mimi Cheptanui, mama wa chai na ufagio, nimekuwa naye miaka kumi na minne. Nimeambiwa nimwandikie maneno matamu. Matamu yapo. Lakini nina hasira, na karani Micah anayenipigia chapa ameapa hataondoa neno.

Wakulima wa Molo wakileta bunduki kuukuu za kufukuza ndege kwenye ngano, hutaka kujua kama springi iliyo ndani ni ile iliyotoka nayo kiwandani. Mzee Farah haanzi kwa kuangalia. Anapitisha kidole kwenye ncha. Ya kiwandani imesagwa bapa, laini kama kisahani. Iliyokatwa na fundi wa njiani inakwaruza. Halafu anatafuta upande uliolika, kwa maana springi iliyokaa miaka ishirini ndani ya bomba moja husuguana nalo, na alama zao hukutana. "Hawa ni mke na mume, Mama Kipkoech," huniambia. "Ukiwatenganisha utaita kesi."

Siku moja alitoa springi ya kitanda ndani ya bunduki ya bwana mmoja mkubwa. Akamrudishia kwa heshima zote, akamwambia, "Bwana, hii imezoea kulala." Tulicheka mpaka chai ikamwagika.

Ili zisichanganyike, kila springi aliyotoa aliifunga uzi mwekundu wenye namba ya bunduki yake. Mwezi wa Agosti Bwana Meneja, akiwa mgeni bado, aliona nyuzi hizo ni uchafu. Alizikata zote, akamwaga springi arobaini na tatu ndani ya mkebe mmoja wa mafuta ya taa, ati zioge. Nilikuwa nimesimama pale na birika. Nikamwambia, "Bwana, hizo zina wenyewe." Akanijibu nirudi kwa chai yangu.

Kesho yake mteja alikuwa na haraka, na Meneja akamtilia springi yoyote iliyokuwa juu. Ilikuwa na nguvu kupita kiasi. Bunduki ikajifunga ghafla, ikamponda mteja vidole.

Lawama ikaenda wapi? Kwa Mzee Farah! Barua yake ya sifa za kazi, ile aliyoiandika Meneja na ambayo Mzee ataibeba akiondoka, inasema macho yake yamechoka na amechanganya mali ya wateja. Micah alinisomea mara tatu, nikidhani sijasikia vizuri. Mzee anataka kuweka meza yake ndogo ya ufundi huko Kabazi. Nani atamwachia bunduki akishasoma hayo?

Na ni yeye aliyetuokoa. Siku tisa alikaa na ule mkebe, ugali nikimfunikia na sahani nao ukipoa, mpaka kila springi ikarudi kwa bunduki yake. Hakuna hata moja iliyoletwa tena na mteja.

Mimi nina watoto watano na ninaogopa kufukuzwa, sitadanganya. Lakini watoto hao wananiita mama, na mama haoni uonevu akanyamaza.

Basi Jumamosi mkebe utakuwa mezani, kando ya keki, na bunduki sita zikiwa wazi. Bwana Meneja azichanganye springi za bunduki hizo kwa mkono wake mwenyewe, maana anajua sana kuchanganya. Mzee Farah tutamfunga macho kwa leso yangu. Akizijua zote sita, barua iandikwe upya pale pale, mbele yetu. Mashine ya Micah itakuwa tayari, karatasi ndani.

Mzee wetu, asante kwa kazi, kwa kicheko, na kwa subira ambayo mimi sina. Vaa sweta, huko juu kuna baridi. Kula mchana. Tunakuombea siku nyingi njema, na tunaomba uondoke hapa na barua ya kweli mfukoni. Leso nimeshaifua.