Mimba Yangu ya Miezi Saba

Kijiwe chetu hapa Jomvu Kuu ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya mawe mawili, ubavuni mwa msikiti, pale njia ya miguu inapoteremka kwenda mikokoni. Tukishaswali alasiri twakaa hapo, na Abdulaziz huja na dele lake la kahawa na kashata kwenye sahani. Ijumaa ninayoisimulia, Mungu anisamehe, nilikaa na karatasi mapajani na kahawa sikuitaka. Karatasi zenyewe ni utafiti wa Rahima, msichana anayesomea Kiswahili chuoni, aliyetujia mwaka jana kuuliza habari za wanawake waliokuwa wakibandua chaza kwenye mikoko. Mwalimu wake amezirudisha zimejaa wino mwekundu. Asubuhi Rahima aliniletea, akaniomba nisome palipotiwa duara, akasema baada ya alasiri atarudi kuchukua jibu. Jumatatu ataitwa mbele ya walimu. Akishindwa kueleza maneno yale ameyatoa wapi, watahesabu ameyatunga mwenyewe, na mwaka mzima aurudie.

— Soma basi, akasema Bakari. Huyu twamwita Kiapo, maana hawezi kukutajia hata saa bila kuapa.

Sikuwa na ujanja. Nikasoma:

"Tulikuwa twafunga leso viunoni, twaingia matopeni. Mimi niliingia na mimba ya miezi saba, na wallahi sikuteleza hata siku moja. Mzee Matano, miaka sitini na saba, mahojiano, Jomvu Kuu."

Matano ndiye mimi.

Abdulaziz aliganda na dele mkononi. Ngowa, ambaye kwa miaka aliyovunja mawe kule Mwakirunge twamwita Kokoto, alicheka mpaka akashika mbavu.

— Mulungu wangu! Ukajifungua nini, Matano, kiume au kike?

— Mficha uchi hazai, akasema Kiapo. Mwenzetu hakuficha, ndio akapata.

— Na mwalimu ameandikaje hapo kwenye duara?

— Ameandika: "Msemaji huyu ni mwanamume? Haya ni maneno ya nani?"

— Mwalimu ana macho, wallahi.

Felix akasogea. Yeye ni mtu wa bara, ana pikipiki, na kahawa yetu hunywa kwa kukunja uso kama anayekunywa dawa.

— Hiyo ni kitu ndogo, mzee. Huyo dem afute jina yako, aweke mzungu. Mzungu, mwaka, ukurasa wa arubaini na saba. Hakuna msee ataenda kuangalia.

— Mzungu gani?

— Yeyote. Bora ako na jina ngumu.

— Na huyo mzungu naye alikuwa na mimba? akauliza Kokoto.

— Aah, mzungu ataulizwa kitabu chake kiko wapi, akasema Kiapo. Mimi wallahi ningesema ni jini. Mwanamume hupandwa na jini la kike, akasema kwa sauti si yake. Aandike hivyo: msemaji ni jini, hakutaka kutajwa.

— Jini hutia sahihi?

— Jini hutia kidole. Mtaka cha mvunguni sharti ainame!

— Hapo pameingiaje mvungu, Kiapo?

— Wewe si mtu wa pwani, Felix, huwezi kujua.

— Hapana, akasema Kokoto. Mimi nasema aandike mikoko yenyewe. Binadamu hufa, mikoko yabaki. Mwalimu akibisha ashuke na viatu vyake akaiulize.

— Hayo sasa ndiyo maneno! Haba na haba hujaza kibaba.

Niliwaacha. Mtu akicheka haulizi, nami sikutaka kuulizwa. Lakini Kokoto ana tabia moja, kicheko chake hukatika ghafla.

— Lakini Matano, kweli, haya uliyatoa wapi? Wewe matope wayaogopa kama paka.

Nikatazama chini.

— Ni ya Bi Mwanatabu.

Bi Mwanatabu alikaa nyumba ya nyuma ya msikiti. Aliletwa hapa na mumewe kutoka Mtongwe, ng'ambo ya feri, na alikuwa bado kigori. Mume alitangulia, watoto aliowazaa walimfia wadogo. Mwaka mmoja nilimwezekea paa siku tatu, mimi juu na makuti, yeye chini akivunja chaza na kuzungumza. Alinieleza walivyokuwa wakilaza mkono wa bahari. Wakishabandua chaza kwenye mkono mmoja, hawaugusi tena mpaka bamvua kadhaa, yale maji makuu ya mwezi, zipite, wale wadogo wakue. Na mdomoni mwa mkono uliolala hufunga utepe wa leso kuukuu kwenye mkoko, na hakuna mwanamke aliyethubutu kuupita utepe ule. Habari ya mimba ni yake. Yote niliyomwambia Rahima niliyasikia juu ya paa lile, nikayasema vilevile alivyoyasema, hata viapo vyake.

— Sasa mwadhani kuna shida gani? akasema Kiapo. Asiyekuwepo na lake halipo. Mwenyewe kesha kufa baada ya Idi. Marehemu atafanya nini na jina kwenye karatasi?

— Nilipoyasema hakuwa amekufa, nikamjibu. Alikuwa nyumbani kwake, pale.

Nikawaonyesha kwa kidole. Si hatua sitini.

Nikawaambia na lile lililobaki, maana nilishafungua kinywa. Siku ile Rahima aliniuliza, kwa adabu zake: "Babu, hakuna bibi aliye hai niende nikamuulize?" Nami niliyeishia darasa la sita nilikuwa nimeketi, msichana wa chuo ananishikia simu mdomoni kurekodi, watu wapita wanaona. Nikamjibu: "Hakuna, mwanangu. Elimu hii imebaki kwangu." Nimeswali alasiri yangu, kisha nikasema uongo huo, na udhu sijautengua.

— Astaghfirullah, akasema Abdulaziz taratibu.

— Na madrasa nilisoma, nikasema. Maalim alitufundisha kwamba hadithi haisimami bila mlolongo wa waliopokezana. Fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka juu. Ukiruka jina moja, wachapwa. Nami nililiruka moja, na lilikuwa ndilo hilo peke yake.

Kiapo alitaka kusema methali. Niliiona ikimjia, akaimeza pamoja na kahawa.

Rahima akatokea njiani na mkoba wake.

— Asalaam aleikum. Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Babu Matano, umepata kusoma?

— Nimesoma. Kaa.

Hakukaa. Nikamwambia yote pale pale mbele ya watu, kwa kuwa uongo nao niliusema mbele ya watu. Sikujipunguzia. Nilipomaliza alikuwa amezishika karatasi zake kifuani.

— Nyumba ile yenye mlango wa bati? akauliza.

— Hiyo hiyo.

— Siku ile nilipita hapo nikienda zangu. Palikuwa na bibi akianika leso, nikamwamkia. Akaniuliza, "Wamtafuta nani, mwanangu?" Nikamwambia, "Ahsante bibi, nimeshampata."

Wallahi nimezika mama, nimezika mke. Maneno yale yalinikaa pabaya kuliko makaburi yote mawili. Hata Felix aliutoa mkono wake kwenye sahani ya kashata.

— Jumatatu nitakuja mwenyewe, nikasema. Nitasimama mbele ya walimu wako niseme hukutunga neno, na mwizi ni mimi.

— Utakuja kweli, babu?

— Inshallah. Si ile inshallah ya kukwepa.

Akavuta pumzi. Akaketi mwisho wa ubao, akatoa kalamu.

— Basi tuandike vizuri. Maneno ni ya Bi Mwanatabu, yamesimuliwa na Mzee Matano. Nataka jina lake kamili. Mwanatabu binti nani?

Nikamtazama Kiapo, aliyelelewa nyumba ya tatu kutoka kwake. Kiapo akamtazama Abdulaziz, aliyempelekea kahawa kila asubuhi ya Mungu. Abdulaziz akatazama dele.

— Binti... alikuwa... Sisi tulimwita Bi Mwanatabu tu, akasema Kiapo, na kwa mara ya kwanza hakuapa.

— Jamani, akasema Kokoto, si mlimzika nyinyi? Mimi siku ile nilikuwa Mwakirunge. Alizikwa kwa jina gani?

Ikanibidi nimweleze, maana yeye ni Mkristo. Sisi maiti akishafukiwa husomewa talkini, na huitwa kwa jina la mamake. Imamu alituuliza. Tulikuwa wanaume zaidi ya arubaini juu ya kaburi lile, na tulitazamana vivi hivi. Akasoma Mwanatabu binti Hawa.

— Basi si hilo! akasema Kokoto. Limepatikana. Andika Hawa.

Rahima ni Mwislamu, anajua kwamba binti Hawa ndivyo asomewavyo yule ambaye mamake hajulikani, kwa kuwa sote tu watoto wa Hawa. Aliandika "Mwanatabu binti", akaisogeza kalamu mbele kidogo, akaifunga.

— Nimeacha nafasi, babu, akaniambia. Mpaka Jumatatu.

Jua lilikuwa laelekea magharibi, na kule Mtongwe kwao, ambako pengine yuko wa kuulizwa, sijui nyumba hata moja.