Nashon Okinyi na Maktaba Iliyofunguka kwenye Simu Mbovu

Marehemu Nashon Okinyi Odera alizaliwa tarehe 14 Machi 1978 huko Katwe, Kampala, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Odera Nyagol na Mama Dorsila. Chumba alichozaliwa kilipakana ukuta na karakana ya baba yake, aliyekuja kutoka Ahero, Kenya, na nyundo mkononi, akaishi kwa kutengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Mama Dorsila anasema mtoto huyu hakuwahi kushtushwa na kelele za bati. Alilia Jumapili, karakana ilipokaa kimya.

Kabla hajaanza shule alikuwa tayari na kazi: kushikilia gazeti kuukuu ndani ya sanduku wakati baba anapaka gundi. Alikuwa akiingiza kichwa chote humo ndani, kidole kikifuata herufi.

"We Okinyi! Bandika, usisome!"

"Nangoja mwisho, Baba."

"Mwisho uko kwenye sanduku lingine, na limeshauzwa!"

Wanafunzi wengi wa miaka ile walikwenda bweni na habari zilizobandikwa kichwa chini miguu juu, kwa sababu mbandikaji alizielekeza upande aliokaa yeye.

Alisoma shule ya msingi Katwe kuanzia 1985, kisha sekondari Kisumu nyumbani kwa baba yake mdogo, akamaliza 1995. Alirudi Kampala, akapiga bati miaka kadhaa na baba yake, na mwaka 2000 akaanza masomo ya ukutubi chuoni. Jirani mmoja alimwuliza mzee kama kweli mtu anaweza kusomea miaka mitatu kupanga vitabu. Mzee akamjibu, "Na wewe kuuliza ulikusomea mingapi?" Nashon alihitimu 2003, na tarehe 5 Januari 2004 akaajiriwa na Maktaba ya Mlango Mpana, Bukoto. Hakufanya kazi mahali pengine popote maishani mwake.

Tarehe 9 Agosti 2008 alifunga ndoa na Valarie Akoth, muuza parachichi wa soko la Nakasero. Nashon alimwuliza bei kwa Kiganda, Akoth akamjibu kwa Kijaluo, na bei yenyewe ikasahaulika. Mungu akawajalia Awuor mwaka 2010 na Oketch mwaka 2014.

Sasa ni lazima tuseme kazi yake ilikuwa nini, maana wengi waliokaa hapa wanajua tu kwamba alikuwa "yule bwana wa vitabu".

Mwaka 2016 Nashon aliona jambo ambalo kila mtu pale alikuwa akiliona bila kuliuliza. Watoto wa Katwe walifika Bukoto wakiwa wamechoka, wakakuta kitabu kimeazimwa, wakarudi. Wengine walikuta mlango umefungwa. Akajiuliza: kwa nini mtoto aje kuuliza kwa miguu? Nyumbani kwao kuna simu, hata kama ni ya shangazi. Akaanzisha namba ya maktaba. Unatuma jina la kitabu, unajibiwa kama kipo, unawekewa. Baadaye akatengeneza tovuti ya simu: orodha ya vitabu, kuongeza muda wa kuazima, na sura za vitabu ambavyo waandishi wenyewe walikubali visomwe bure. Haikuwa na picha hata moja. Maandishi tu, meusi kwenye meupe.

Wapwa zake walimwuliza, "Mjomba, mbona unasema ukurasa ni mzito? Ukurasa wa simu unabebwaje?" Hakucheka. Aliwaambia, "Unabebwa na bando la mama yako. Ukiwa mzito, bando linaanguka njiani, na wewe hujafika hata kwenye jina la kitabu."

Kila Jumamosi alikwenda Katwe kwenye meza ya Abudu, fundi simu, Mnubi ambaye mdomo wake haukuwahi kuharibika hata siku moja. Hakuna ukurasa uliofika kwa wasomaji kabla ya kujaribiwa kwenye simu mbovu kuliko zote zilizolala pale kwa siku hiyo.

"Ssebo, bwana wangu, bado inazunguka," Abudu anasema. "Toa kitu."

"Nitoe nini tena? Kimebaki jina la maktaba."

"Toa jina! Mtu akiingia msikitini unamwandikia kwamba huu ni msikiti?"

Nashon akafupisha jina. Ukurasa ukafunguka. Abudu akapiga meza. "Hapo! Sasa nyepesi kama supu ya bachela."

Shule zilipofungwa Machi 2020, zikabaki zimefungwa karibu miaka miwili, maktaba nayo ikafunga mlango. Namba haikufungwa. Akoth alizoea kuwaambia wageni, "Niliolewa peke yangu, kumbe mke mwenzangu yuko ukutani anachajiwa." Lakini Nashon akioga, ni yeye aliyekuwa akijibu: "Kipo. Soma sura ya tatu kwanza. Mungu akubariki." Kuna watu hapa leo waliofaulu mtihani kwa sura hizo.

Mwaka 2022 maktaba ilipata wafadhili wapya na mkurugenzi mpya, Bwana Okwera. Iliamuliwa kwamba tovuti ya Nashon inatia aibu. Ikatengenezwa nyingine, ikazinduliwa katika hoteli moja Nakasero. Ukiifungua, kwanza inakuja video ya mwenyekiti wa bodi akitembea kati ya rafu, halafu picha za wageni wa heshima, halafu, ukiwa bado hai, vitabu. Waliijaribu ukumbini, kwenye simu zao, kwa mtandao wa hoteli. Ikafunguka vizuri sana. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Nashon alisimama akaomba jambo moja tu: ijaribiwe kwanza Katwe, kwenye meza ya Abudu.

"Mzee Nashon," Bwana Okwera alisema, "dunia imesonga. Nani bado ana simu za namna hiyo?"

"Wasomaji wako, Mkurugenzi."

Watu wakacheka. Alisimulia nyumbani kwamba walicheka vizuri tu, bila ubaya, kama mtu anavyomchekea mtoto. Hilo ndilo lililomkaa moyoni.

Tarehe 1 Februari 2023 tovuti ya zamani ilizimwa, na namba ikakatwa. Ndani ya mwaka mmoja wasomaji wa simu walikuwa karibu wameisha. Bodi ikakaa, ikatafuta sababu, ikaandika kwamba vijana wa mitaa ya chini hawapendi kusoma. Idara ya simu ikafungwa. Nashon akapelekwa kugonga mihuri kwenye magazeti.

Hakulilia cheo. Alichotaka ni wawashe tovuti ile nyepesi, ambayo alikuwa ameihifadhi nzima, na wafute sentensi ile. Aliwaeleza kwamba watoto hawakukataa kusoma; walifungiwa mlango, kisha wakaitwa wavivu kwa kuwa wako nje. Aliambiwa suala lake litaletwa kikaoni. Vikao vilikaa. Suala halikuletwa.

Septemba 2024 miguu yake ilianza kuvimba, na madaktari wakakuta figo zimeshindwa. Alianza kusafishwa damu hospitalini. Kila aliyekuja kumwona aliombwa kufungua tovuti ya maktaba kwenye simu yake, kisha Nashon anatazama kile kiduara cha kungojea kinavyozunguka.

Bwana Okwera naye alikuja, na tunamshukuru, alileta machungwa. Nashon akamwomba kama alivyowaomba wengine. Mkurugenzi akatoa simu yake kubwa. Kikazunguka. Akaiinua juu. Kikazunguka. Akaenda dirishani.

"Mtandao wa humu ni mbaya sana, mzee wangu."

"Ndiyo huohuo walio nao wao," Nashon alisema.

Akoth alikuwepo. Anasema Bwana Okwera alikaa kitandani kwa muda, akamshika Nashon mkono, akaahidi kwamba kikao cha Mei kingeiwasha ile ya zamani. Tangu siku hiyo mgonjwa alikula. Mei ilipofika alikuwa akiuliza kila asubuhi, "Wamepiga?" Mei ikaisha. Akaendelea kuuliza, kisha akaacha, na alipoacha kuuliza akaacha na kula. Alifariki Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa nne asubuhi, mkewe akiwa kando yake.

Siku ya pili maktaba ilipiga. Walitoa pole, wakamweleza mama Awuor kwamba bodi, kwa heshima ya marehemu, imeamua kuweka picha yake kubwa mwanzoni kabisa mwa tovuti, juu ya video, mwezi mzima.

Akoth aliwasikiliza mpaka mwisho. "Asanteni," akasema. "Msiiweke. Mtamfanya na yeye awe mzigo."

Wakauliza kama kuna kitu kingine familia ingependa. Akawaambia, "Mnakijua." Mpaka tunachapisha ratiba hii ya kumuaga hawajajibu. Bwana Okwera yuko nasi hapa, na kiti chake kiko mbele, kama inavyostahili.

Marehemu ameacha mama yake, Dorsila. Mjane wake, Valarie Akoth. Watoto, Awuor na Oketch. Dada wawili na kaka wawili, wapwa, na rafiki yake Abudu, ambaye leo amefunga meza. Ameacha pia wasomaji. Tungependa kuwaalika wote, lakini namba waliyomjua kwayo imekatwa, na wengi wao hawajui kwamba amekufa.

Mwili utasafirishwa leo kwenda Ahero. Bwana na ampokee Nashon Okinyi, amlaze mahali ambapo hatangojeshwa tena.