Daftari la Mwelu: Miaka Thelathini na Mmoja ya Jezi za Karakana FC

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Mwelu Matheka atafunga mlango wa stoo ya jezi ya Karakana FC kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia klabu yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Katika muda huo tumekuwa na wenyeviti watano, makocha kumi na wawili na makatibu wanne. Stoo imekuwa na mtu mmoja tu. Halmashauri imeniomba mimi, katibu wa nne, niandike wasifu wake kwa ajili ya kijitabu cha sherehe. Nadhani wamenichagua kwa makusudi, maana Kariobangi nzima inajua kwamba mimi ndiye niliyemfokea Mwelu mbele ya kamera za televisheni.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nitaanza na haki yake.

Mwelu ni kifungua mimba wa Mama Ndinda wa Wote, Makueni. Alikuja Kariobangi akiwa na miaka thelathini, akawa anawauzia chapati na maharagwe mafundi wa vyuma walioanzisha klabu hii. Wachomeleaji hao walikuwa hodari wa mpira na hodari zaidi wa uchafu. Jumatatu moja ya mwaka 1994 alichoka kuona jezi zimelundikwa kwenye mkokoteni pamoja na mabati, akazibeba kwenda kuzifua. Hakuna aliyemwajiri. Aliporudi nazo Jumatano, zimepigwa pasi na zinanukia sabuni, mwenyekiti wa wakati huo alimkabidhi ufunguo na mazungumzo yakaishia hapo.

Tangu siku hiyo amepoteza jezi nne pekee, na mojawapo ilirudi yenyewe kutoka Kisumu ikiwa imevaliwa na kondakta wa basi. Aliitambua kwa uzi aliokuwa ameshonea kola, akamsimamisha kondakta kituoni na kumvua mbele ya abiria wake. Kocha mmoja mgeni aliwahi kuingia stoo na kujichukulia jezi bila kuuliza. Kocha huyo alifundisha mazoezi ya jioni hiyo akiwa amevaa fulana ya ndani.

Lakini kila mchezaji aliyepita hapa atakuambia kwamba Mwelu si jezi. Mwelu ni daftari. Mwaka 1997 kiungo wetu mmoja alivunjika mguu katika mechi ya ugenini. Tulimjua kwa jina la Chuma, na zaidi ya hapo hatukujua lolote. Alilazwa hospitalini siku tisa kama mtu asiyejulikana, huku mama yake akimtafuta kuanzia Mukuru kwa Njenga hadi mochari. Mguu ulipona nusu, uwanjani hakurudi. Mwelu ndiye aliyefua ile jezi namba nane, akibadilisha maji mara nne, bila kujua damu ile ni ya mtoto wa nani. Alipoianika, alitangaza sheria. Hakuna mchezaji atakayepokea jezi yake ya kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Ataipokea mzazi wake au mlezi wake, hapo stoo, kwa mikono miwili, amvishe mwanawe. Kisha Mwelu atafungua daftari na kuuliza swali moja: akiumia, tumpeleke wapi?

Wengine waliona ni mchezo wa kuigiza. Mimi nilikuwa mmoja wao, hadi Mei mwaka jana.

Siku hizi staa akishanunua gari na jumba, kinachofuata ni klabu ya mpira. Nasi tulikuwa tunamwomba Mungu atuletee wetu. Shirikisho lilikuwa limetupa hadi Jumatatu kuwasilisha barua ya mdhamini, la sivyo tungefutwa kwenye ligi, klabu ya mafundi iliyodumu zaidi ya miaka thelathini iishe kwa barua ya kurasa mbili. Ndipo alipojitokeza Nuh, mwimbaji ambaye nyimbo zake zinapigwa katika kila kinyozi kuanzia hapa hadi Tassia, mwenye kampuni ya manukato na maduka ya nguo. Alikubali kuwekeza. Sharti lake lilikuwa moja: acheze dakika kumi katika mechi yetu ya mwisho, Jumamosi, akiwa na jezi namba 99, kamera zikimwandama. Tulikuwa tumemsajili kihalali tangu Januari, mazungumzo yalipoanza. Ijumaa nilimpelekea Mwelu ile jezi mpya. Aliitazama, akaniuliza mzazi wake angekuja saa ngapi. Nilicheka. Laiti ningenyamaza.

Mechi ilikuwa saa tisa. Saa nane kasorobo Nuh aliingia stoo pamoja na meneja wake, binti mchangamfu aitwaye Tiffany, na mpiga picha wa televisheni nyuma yao. Wachezaji wengine wote walikuwa wamekwisha kuvaa. Jezi namba 99 ilikuwa ndani ya sanduku la chuma lililofungwa kwa kufuli, na Mwelu alikuwa ameketi juu ya sanduku.

“Sijakunyima jezi, kijana,” alimwambia. “Nauliza tu. Ukianguka huko ndani, tupigie nani?”

“Si mumpigie tu manager wangu, mathe. Number yake iko kila mahali.”

Mwelu akamgeukia Tiffany. “Sawa. Kuna dawa inamdhuru? Kwao ni wapi?”

“Hiyo sijui, mum,” Tiffany alisema, na nilimwona ameona haya.

“Basi deal imekufa,” Nuh akasema. “Siwezi ulizwa kwetu ni wapi kama mtoi wa nursery.” Akatoka kuelekea kwenye gari lake.

Maji yalinifika shingoni. Nilimfokea Mwelu kwa maneno ambayo sitayaandika katika kijitabu kitakachosomwa na watoto. Nilimwambia ameua klabu. Nilimwambia amefutwa kazi kuanzia dakika hiyo. Hakuinuka. Nikaamua sanduku lile litakatwa, aketi asiketi.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la mwaka, kosa ambalo katibu wa klabu nyingine asingeweza kulifanya. Nilisahau kwamba mafundi wote walio karibu na uwanja wetu ni watu wa Karakana. Nilimwita Ndolo, nahodha wetu, alete mashine yake ya kukatia chuma. Ndolo, ambaye karakana yake iko hatua thelathini kutoka golini, aliniambia kwa heshima kwamba diski imeisha. Sylvance, fundi wa karibu naye, alisema stima imepotea, na redio yake ilikuwa ikiimba. Fundi wa tatu, Tobias, hakujisumbua hata kutafuta uongo. “Katibu, hiyo sanduku ni buda yangu, mzee wangu, aliichomelea,” alisema. “Na siku yangu ya jezi, mathe yangu alinivisha papa hapa. Tafuta fundi mwingine.” Katika mtaa ambao vyuma hukatwa kuanzia alfajiri, nilikosa mtu wa kunikatia kufuli moja.

Nilitoka nje. Nuh alikuwa amesimama kando ya gari lake, mlango uko wazi, dereva amewasha injini. Hakuingia. Kisha alichukua simu, akazunguka nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo hatukuweza kumwona, na aliporudi aliketi peke yake juu ya tairi kuukuu. Tiffany alimwendea, Nuh akamwashiria amwache. Saa nane na nusu mwamuzi aliniuliza kama orodha yangu ya akiba imekamilika. Nikamwambia bado. Saa tisa kasoro robo akauliza tena, safari hii bila tabasamu.

Saa tisa kasoro dakika sita, boda boda ilisimama langoni. Akashuka mzee mwenye kofia nyeupe, futi ya kupimia nguo bado imemning'inia shingoni. Wenyeji walimtambua mara moja: Mzee Mumin, fundi cherehani wa Majengo, babake Nuh. Walikuwa wamegombana juu ya muziki, na kwa miaka sita hawakuwa wameamkuana. Jambo hilo lilijulikana mitaani kuliko nyimbo zenyewe.

Mwelu aliinuka juu ya sanduku, akalifungua, akampa mzee jezi kwa mikono miwili. Mzee aliigeuza ndani nje, kama wafanyavyo watu wa kazi yake, akapitisha kidole begani.

“Huu mshono ni wa haraka,” alisema.

Mwelu akafungua daftari. “Mzee wangu, akiumia, tumpeleke wapi?”

Mzee alimtazama mwanawe, na mwanawe alitazama sakafu. Niliogopa kwamba atasema hajui. Niliogopa zaidi kwamba hatasema chochote, atampa Mwelu jezi na kurudi kwenye boda boda yake. Wakati huo, naungama, sikuwa nikifikiria ile barua ya Jumatatu.

“Mleteni nyumbani,” alisema Mzee Mumin. “Mlango ni ule ule.”

Akamvisha. Nuh alilia bila kujificha. Tiffany alimwambia mpiga picha ashushe kamera, na kwa hilo nampenda mpaka leo.

Kuhusu mpira wenyewe sina mengi. Mwekezaji wetu aliingia dakika ya themanini na mbili, akagusa mpira mara tatu, mara moja kwa mkono. Tulitoka sare ya bao moja kwa moja, na Jumatatu saa nne barua ilifika ikiwa na sahihi yake. Katika mkataba aliongeza kifungu ambacho mimi sikukiandika: kwamba ufunguo wa stoo na daftari haviko chini ya mwekezaji, kocha wala katibu.

Siku ya Jumanne nilipanda ngazi za orofa tano huko Tassia kwenda kumwomba Mwelu msamaha. Alinipa chai ya tangawizi, akaniacha nimalize hotuba yangu yote, kisha akaniambia kwamba katika miaka tisa ya ukatibu wangu jina langu halimo daftarini, kwa kuwa sijawahi kucheza. Akauliza: nikianguka ofisini, wampigie nani? Nikampa jina la dada yangu Jacklyne. Aliliandika polepole, na nikajua nimesamehewa.

Wiki iliyopita alinikabidhi daftari hilo nilisome kwa ajili ya kazi hii. Majina ni mia nne na sita. Yumo Chuma, kwa jina lake kamili, aliloandikiwa baada ya mama yake kupatikana. Wamo wachezaji waliotangulia mbele ya haki, na kando ya kila mmoja Mwelu ameandika alikofika yeye mwenyewe siku ya mazishi. Nuh yumo. Mimi nimo. Nilifungua ukurasa baada ya ukurasa, nikarudia tena mwanzo, na jina moja sikuliona. Mwelu Matheka hayumo.

Kwa hiyo, Jumamosi ya sherehe, klabu itampa jezi namba 31. Lakini Mwelu asijisumbue kunyoosha mkono. Mwacha mila ni mtumwa. Mama Ndinda, mwenye umri wa miaka themanini na mbili, anapanda basi huko Wote siku ya Ijumaa, naye ndiye atakayeipokea na kumvisha bintiye. Nuh ameomba kushika daftari. Swali nitaliuliza mimi, kwa sauti ya chini safari hii.

Jibu la mama tutaliandika kwenye mstari wa kwanza, kwa kuwa mstari wa kwanza ni wa mzazi. Wa pili halmashauri imekwisha kuujaza, bila kura hata moja ya kupinga: Karakana FC, Kariobangi, mlango wa stoo, saa yoyote.

Asante, Mwelu, kwa kila jezi na kwa kila jina. Pumzika vizuri, uwe na afya, ucheke sana. Na ukianguka popote duniani, sasa tunajua ni nani wa kupigiwa simu. Ni sisi.

Jackton Odera
Katibu, Karakana FC